Kisanduku Kimoja Tu

Swali la kumi na moja limenishika tangu asubuhi.
*Je, mwombaji anajitegemea?
Weka alama kwenye kisanduku kimoja tu.*

Nimeweka. Nafasi ya maelezo ilipokwisha
nikageuza karatasi, nikaendelea nyuma:
viazi debe moja kila Jumanne, soko la Kongowea,
ukwaju, mafuta, makaa ya Bi Mwanahawa
ninayomlipa mwisho wa wiki,
chumba kimoja Mtongwe, elfu nne bila stima,
na Nassoro, darasa la saba, viatu namba tano
ambavyo navyo vishaanza kumbana.

Bwana Kilonzo hakugeuza karatasi.
Mezani pake kuna peni iliyofungwa uzi
tusije tukaiba sisi tunaojitegemea.
"Umeolewa?"
Sijaolewa.
"Una mtoto?"
Nina mdogo wangu.
"Mtoto wa kuzaa."
Sina.
"Wazazi wote wawili wamefariki?"
Mmoja.
Cheti cha mama ninacho, ndani ya nailoni,
kimekunjwa mara nne, kinakatika kwenye mkunjo
pale palipoandikwa chanzo.
"Na baba?"

Baba yu hai.
Yu hai Makupa, kwenye duka la taa za magari,
yu hai kwa kicheko, kwa kitambi, kwa watoto wengine watatu.
Kwetu sisi hajafa; hajaja.
Na hakuna ofisi Mombasa nzima
inayotoa cheti cha hajaja.

"Basi wewe ni mtegemezi," akasema, bila ubaya,
kama mtu anayekutajia nauli,
akaizungushia alama yangu wino mwekundu.
"Lete kitambulisho cha baba, na sahihi yake."

Miaka ishirini na miwili. Kura nimepiga.
Mama nimemwosha kwa mikono hii.
Mtegemezi. Nikavuka nalo kivuko cha Likoni
nikiligeuza ulimini kama kokwa ya ukwaju.
Anayeegemea ana jina.
Anayeegemewa naye analo, mtegemewa, neno zima kabisa,
ila fomu haikumchorea kisanduku.

Jioni Nassoro akaja na karatasi ya shule:
ziara ya Ngomeni, shilingi mia tatu,
*sahihi ya mzazi au mlezi.*
Nikafuta unga wa dengu vidoleni, nikatia sahihi.
Mwalimu hakutaka cheti.

Alhamisi nikaenda Makupa.
Baba alikuwa na wateja wawili na taa ya Probox mkononi.
"Huyu binti yangu," akawaambia, "yuko chuo kikuu,"
akanivutia kiti, akakipangusa kwa kiganja.
Hakuuliza chuo gani.
Kitambulisho akakitoa upesi. Kopi nikatoa duka la pili,
shilingi kumi, zangu.

Akajaza jina, akajaza kijiji alikozaliwa,
akafika hapa: *Mapato ya mzazi kwa mwezi.*
Wateja wakanyoosha shingo.
Mkono ukasita. Niliuona ukisita.
Kisha ukaandika elfu tisini na tano,
kwa mwandiko mzuri, na mstari chini yake.

Duka ni la shemeji yake. Najua.
Taa zile, hata moja si yake.
Na najua kwamba tangu mstari ule
mimi ni mtoto wa tajiri,
na mtoto wa tajiri hakopeshwi.
Ningesema. Lakini mteja mmoja alishaanza
kumwita baba mzee,
na baba alikuwa amesimama wima
kama sijapata kumwona amesimama.

Chini ya ukurasa, kwa herufi za kuchokoza macho:
*Fomu iliyofutwa au kukwaruzwa haitapokelewa.*

"Umeshakula?" akaniuliza.
Nikasema nimekula.
Nikaitia fomu kwenye nailoni, pamoja na mama,
nikarudi Mtongwe kumenya viazi.